Taarifa ya Kwanza ya Polisi, na Nani Anaandika ya Pili

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, mahabusu 11 wa Mau Mau walipigwa marungu hadi kufa kwa kugoma kufanya kazi za shokoa. Taarifa ya serikali ya kikoloni iliyotolewa Nairobi ilisema watu hao walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Marungu hayakutajwa. Hakimu alipochunguza vifo hivyo aligundua kuwa ni kipigo, na huko London Barbara Castle wa upinzani na hata Enoch Powell wa chama kilichokuwa madarakani wakaja juu bungeni. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji yale. Mafaili mengi ya kambi za kizuizini yalichomwa au kusafirishwa Uingereza kimyakimya uhuru ulipokaribia. Yaliyosafirishwa yalikaa mafichoni hadi mwaka 2011, yalipofichuliwa katika kesi ya wazee wa Kenya dhidi ya serikali ya Uingereza. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwafidia zaidi ya wazee 5,000, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi.

Ninaanza na Hola kwa sababu ile taarifa ya maji haikufa na ukoloni. Dar es Salaam, Januari 2006: majambazi wanne wameuawa katika majibizano ya risasi na polisi. Guangzhou, China, 2003: kijana amefariki kwa maradhi. Sheffield, Uingereza, 1989: washabiki wa mpira wamelivunja geti wakasababisha maafa. Minneapolis, Marekani, 2020: mtu amepata tatizo la kiafya wakati polisi wakimkamata. Nairobi, 2025: mahabusu amejigonga kichwa ukutani. Hizo ni nchi tano zenye katiba zisizofanana hata kidogo, na katika kila moja kauli ya kwanza ya wenye mamlaka haikuwa kweli.

Ndiyo maana sioni faida ya kuuliza ni mfumo gani wa siasa una polisi wasiopiga wala kuua watu. Haupo. Wala haitoshi kuuliza kama askari waovu huadhibiwa, maana hata watawala wa mkono wa chuma huwafunga askari wao inapowafaa. Swali langu ni jingine: taarifa ya kwanza ikishatoka, ni nani mwenye mamlaka ya kuandika ya pili, itamchukua muda gani, na akishaiandika yeye mwenyewe yatamkuta yapi?

Tuanze na Kenya, maana ndiyo nchi ya kanda yetu iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili, na ndiko pia tunakoona mipaka yake.

Jumamosi ya tarehe 7 Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni lililomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alisafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti, na polisi wakatoa ile kauli ya kujigonga ukutani. Jumanne madaktari watano, akiongoza mwanapatholojia wa serikali Bernard Midia, walifanya uchunguzi wa mwili. Walikuta majeraha kichwani, dalili za kukabwa shingo na majeraha sehemu nyingi za mwili, wakasema si majeraha ambayo mtu angeweza kujitia mwenyewe. Jumatano Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliketi mbele ya Seneti na kuomba radhi kwa taarifa ile. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, nayo ikawaeleza maseneta kwamba mitambo ya kamera za kituo ilikuwa imechezewa. Kabla mwezi haujaisha, watu sita, akiwamo mkuu wa kituo, walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Walikana.

Toka Jumapili hadi Jumatano: siku tatu, taarifa ya kwanza ikawa imeanguka. Uingereza, kwa maafa yale ya Sheffield katika uwanja wa Hillsborough, ilihitaji miaka 27.

Kasi hiyo Wakenya waliilipia kwa damu. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, vikiwamo 405 vya risasi, na sehemu kubwa ya risasi hizo ilitoka kwa polisi. Kikafuata kikosi kazi cha Jaji Philip Ransley, kisha Katiba ya 2010, kisha sheria ya IPOA ya mwaka 2011. Sheria hiyo inawataka polisi waijulishe IPOA kifo chochote kilichosababishwa na askari, na inaipa wachunguzi wake wenyewe, haki ya kuingia vituoni na haki ya kudai nyaraka. Wajumbe wa bodi yake hupitishwa na Bunge. Katika kesi ya Ojwang, mwanapatholojia wa serikali alisema alichokiona mbele ya kamera za vyombo vya habari, na akaendelea na kazi yake. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote yaliyotokea wiki ile.

Miaka tisa nyuma, kuandika taarifa ya pili kulikuwa hukumu ya kifo. Josephat Mwenda alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka 2015 alipigwa risasi mkononi na askari wa Polisi wa Utawala, Fredrick Leliman, kisha akabambikiwa makosa. Akaenda IPOA kulalamika, akapata wakili, Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 wote wawili, pamoja na dereva wa teksi Joseph Muiruri, walitekwa wakitoka mahakama ya Mavoko. Walifungiwa kwa muda katika kambi ya polisi ya Syokimau, ndani ya kontena lililogeuzwa selo. Humo Kimani alipata kipande cha karatasi ya chooni, akaandika namba ya mkewe na ombi kwamba apigiwe aambiwe kuwa mumewe yuko hatarini, akakitupa nje. Mpita njia akakiokota. Miili yao ilipatikana siku chache baadaye ndani ya magunia, mtoni, Ol Donyo Sabuk. Karatasi ile ilifika mahakamani kama kielelezo. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na Februari 2023 Leliman akahukumiwa kifo.

Mwenda alikuwa amefuata utaratibu wote. Alikwenda kwenye ofisi iliyoundwa na sheria, akaeleza yaliyompata, na ndiko kulikomfanya awindwe. Chombo huru kisichoweza kumlinda anayekiendea humweka wazi mbele ya aliyemshtaki. Hilo wanaoandika rasimu za sheria hizi aghalabu hulipa kifungu kimoja tu, cha mwishomwisho.

Na wasomaji wa Kenya watanishangaa nikiishia kwenye sifa. Katika maandamano ya vijana ya Juni na Julai 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilihesabu watu 60 waliouawa. Askari walificha nyuso, wakavaa nguo za kiraia, wakapanda magari yenye namba zisizofuatilika, na IPOA ikabaki ikitafuta majina. Malalamiko iliyoyapokea tangu ianze kazi ni maelfu kwa maelfu, hukumu ni makumi machache. Lagat alikaa kando Juni 2025 na Julai akarudi ofisini. Kwa hiyo Kenya imejifunza kuipindua taarifa ya kwanza haraka, lakini bado haijajifunza kuwafikia walio juu ya waliopiga.

China inatuonyesha upande wa pili. Machi 2003 Sun Zhigang, kijana wa miaka 27, msanifu wa mavazi mwenye shahada, alisimamishwa na polisi barabarani Guangzhou usiku akielekea kwenye mgahawa wa intaneti. Hakuwa na kibali cha ukaazi wa muda. Kanuni ya mwaka 1982 iliruhusu wahamiaji wasio na vibali kukusanywa, kufungiwa na kurudishwa makwao, na hakuna mahakama iliyohusishwa. Siku tatu baadaye alifia katika zahanati ya watu wa namna hiyo, na wahusika wakasema ni maradhi. Wazazi wake hawakukubali. Wakadai uchunguzi wa kitabibu, nao ukaonyesha kwamba alipigwa hadi akafa. Aprili 25 gazeti la Southern Metropolis Daily likachapisha habari yote. Mwezi uliofuata wanasheria vijana watatu, Xu Zhiyong, Teng Biao na Yu Jiang, wakaiandikia Kamati ya Kudumu ya Bunge kwamba kanuni ile inakiuka katiba.

Kilichofuata kingeweza kumfanya mtu autamani mfumo ule. Juni mwaka huohuo watu 12 walihukumiwa kwa kifo chake, mmoja wao adhabu ya kifo, nayo ikatekelezwa. Mwezi huohuo serikali ya Waziri Mkuu Wen Jiabao ikaifuta kanuni yenyewe. Ndani ya miezi mitatu, sheria iliyokuwa imewatesa mamilioni ya wahamiaji ikawa haipo. Hakuna bunge la vyama vingi ninalolijua ambalo lingefanya hivyo kwa kasi ile.

Sasa tazama yaliyowapata waandishi wa taarifa ya pili. Mwaka uliofuata, meneja wa gazeti lile Yu Huafeng na mkubwa wake Li Minying walifungwa jela kwa mashtaka ya fedha ambayo wenzao waliyaona ni kisasi, na mhariri Cheng Yizhong akakaa mahabusu miezi mitano kisha akaachiwa bila kushtakiwa. Teng Biao leo anaishi uhamishoni Marekani. Xu Zhiyong, baada ya kifungo cha kwanza cha miaka minne, Aprili 2023 alihukumiwa miaka 14. Dola ilisahihisha kosa lake, kisha ikamwadhibu aliyelionyesha. Na Mei 2016, Lei Yang, kijana mwenye shahada ya uzamili, alipofia mikononi mwa polisi Beijing, wasomi wenzake walitia saini barua nyingi za wazi, waendesha mashtaka wakakiri kwamba askari walitumia nguvu kupita kiasi na kuficha ukweli, na Desemba wakaamua kutowashtaki askari wote watano. Safari hii hapakuwa na gazeti lililothubutu kwenda hadi mwisho. Ukiwafunga wanaosema, hutajua tena ni wapi askari wako wanaua, na hata nia yako njema ya kurekebisha itakosa mahali pa kuanzia.

Msomaji asidhani kwamba ninasema uchaguzi wa vyama vingi ndio dawa. Hillsborough ilitokea katika nchi yenye bunge la karne nyingi. Watu 97 walikufa kwa kubanwa katika jukwaa la uwanja. Kamanda wa siku ile, David Duckenfield, alidai washabiki wamelivunja geti, ilhali yeye ndiye aliyeagiza lifunguliwe. Alikiri mbele ya mahakama ya uchunguzi wa vifo mwaka 2015. Jopo huru lilibaini mwaka 2012 kwamba maelezo 164 ya askari yalikuwa yamerekebishwa, na 116 kati yake yaliondolewa maneno yaliyowalaumu polisi. Vyama vilibadilishana madaraka mara mbili katika kipindi hicho, na uongo ukaendelea kusimama. Walioubomoa ni wazazi wa marehemu, waliokataa kunyamaza wakiwa vijana na wakaendelea kukataa wakiwa wazee. Duckenfield alishtakiwa hatimaye, na mwaka 2019 jopo la wazee wa mahakama likamwachia huru.

Afrika Kusini, nchi ambayo katiba yake husifiwa vyuoni dunia nzima, iliwaua wachimbaji 34 wa madini ya platinamu waliogoma Marikana tarehe 16 Agosti 2012. Wachimbaji 270 walionusurika walishtakiwa wao kwa mauaji ya wenzao, kwa kanuni ya dhamira ya pamoja iliyotumiwa sana enzi za ubaguzi wa rangi, mpaka kelele za wananchi zilipolazimisha mashtaka yasimamishwe. Mbele ya tume ya Jaji Ian Farlam ziliwekwa picha mbili za maiti moja, zote zimepigwa na polisi. Katika ya kwanza marehemu amelala juu ya mawe, mikono mitupu. Katika ya pili, iliyopigwa baadaye giza likiwa limeingia, chini ya mkono wake wa kulia kuna panga lenye mpini wa njano.

Hata hivyo, nchi hiyo ina jambo moja ambalo wengine hatuna. Waziri wa Polisi alipomsimamisha kazi Robert McBride, mkuu wa chombo huru cha kuwachunguza polisi, IPID, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2016 kwamba waziri hana mamlaka hayo, na kwamba kumwondoa mkuu huyo lazima kupitie Bunge. Uhuru wa chombo cha aina hii ninaupimia hapo. Jina lake na jengo lake havinisaidii kitu nikishajua kwamba mkuu wake anaweza kupigiwa simu asubuhi na jioni akawa hana kazi.

Tanzania yetu je? Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja walikamatwa Dar es Salaam, na mkoa mzima ukaambiwa ni majambazi waliouawa wakirushiana risasi na polisi. Ndugu zao walipiga kelele, magazeti yakaandika, na Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa na wiki chache tu madarakani, akaunda tume ya Jaji Mussa Kipenka. Tume ikabaini kwamba watu wale walichukuliwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande na kuuawa huko. Kesi ilifunguliwa dhidi ya maofisa na askari, akiwamo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, Abdallah Zombe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, na kuthibitisha kuachiwa kwa Zombe na waliobaki. Watu wanne, miaka kumi, hatia moja. Na huo ndio mfano wetu bora.

Septemba 2012 mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa amezungukwa na askari. Picha ya tukio ilipigwa na mwandishi mwenzake. Bila picha ile sijui leo tungekuwa tunasimuliwa nini. Askari mmoja wa cheo cha chini alifungwa miaka 15. Februari 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alipigwa risasi ndani ya daladala Kinondoni, polisi wakitawanya waandamanaji wa CHADEMA. Mkurugenzi wa Mashtaka alilifunga jalada la askari, na waliosimama kizimbani Kisutu kwa mambo ya siku ile wakawa viongozi wa chama.

Tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye sheria yake ya 2001. Inaweza kuchunguza na kupendekeza, na mapendekezo yakishafika serikalini yanategemea hisani ya mpokeaji. Tumekuwa hodari wa kuunda tume za muda. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti pana juu ya polisi, magereza na mashtaka. Kisha ukaja uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, maandamano, risasi, intaneti kuzimwa na amri ya kutotoka nje. Watu waliuawa, na idadi yao ikawa jambo la kubishaniwa. Rais akaunda tume nyingine, mwenyekiti akiwa Jaji Chande yuleyule.

Simtilii shaka Jaji. Ninaulalamikia utaratibu. Tume ya muda huundwa na serikali ileile inayochunguzwa, hufika maiti zikiwa zimezikwa na maganda ya risasi yamefagiliwa, na ikishakabidhi kitabu haina kesho. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 haikuwa na ofisi hata moja iliyo nje ya polisi ambayo asubuhi ya tarehe 30 Oktoba ingekuwa na wajibu wa kisheria wa kwenda vyumba vya maiti, kuhesabu, kupiga picha na kuandika majina.

Nimesikia hoja ya makamanda, na si hoja ya kipuuzi. Wanasema askari akijua kila risasi itachunguzwa na raia atasita, na kusita kutamuua. Tunakumbuka askari wanane waliouawa kwa kuviziwa Kibiti, Aprili 2017. Lakini tazama Ireland ya Kaskazini. Kule zaidi ya polisi 300 waliuawa katika miaka 30 ya vita vya chini kwa chini. Ndiko huko huko, Novemba 2000, kulikoanzishwa ofisi ya Msuluhishi wa Malalamiko ya Polisi chini ya Nuala O'Loan, ikiwa na wapelelezi wake, uwezo wa kuanzisha uchunguzi bila kuombwa na haki ya kisheria ya kupewa nyaraka. Mwaka 2007 ofisi hiyo ilieleza hadharani jinsi polisi walivyowakingia kifua wauaji waliokuwa wapasha habari wao. Polisi hawakusambaratika. Wakatoliki, ambao kwa miongo mingi walikuwa wakiwaogopa askari, wakaanza kujiunga nao.

Tunachohitaji hapa si kigumu kukieleza: ofisi ya kudumu yenye wapelelezi wake, mkuu asiyeweza kuondolewa bila Bunge, amri kwamba kila kifo mikononi mwa polisi kiripotiwe kwake siku hiyohiyo, ulinzi kwa mashahidi, na ripoti zinazochapishwa. Mwombe mbunge wako hilo kwa maandishi, na umwombe majibu kwa maandishi.

Na wakati ofisi hiyo haipo, kazi inabaki kwa ndugu wa marehemu. Ndugu yako akifia kituoni, usikubali azikwe kabla mwili haujachunguzwa mbele ya daktari mnayemwamini ninyi. Najua Waislamu hatucheleweshi maiti, na kwa kila mzazi kupasuliwa mwili wa mwanawe ni msiba juu ya msiba. Wazazi wa Sun Zhigang waliuchukua msiba huo wa pili, na bila wao mtoto wao angehesabiwa hadi leo kuwa amekufa kwa maradhi. Pigeni picha majeraha. Andikeni jina la kituo, saa ya kukamatwa, namba za askari na majina ya mahabusu waliokuwa naye selo. Dai uchunguzi wa korona. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 bado iko vitabuni, na vifo vya mahabusu vimo ndani yake.